Umeme Ukirudi, Usikimbilie Swichi: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Kompyuta Tanga

Jumatatu iliyopita niliingia katika ofisi moja ya hapa Ngamiani nikamkuta kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, mwenye bidii na adabu zake zote, amechomeka katika ekstensheni moja printa ya leza, chaja tatu za simu na birika la chai, na ekstensheni hiyo ameichomeka nyuma ya UPS ya mhasibu, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia, kisha nikamuuliza alikuwa amekusudia nini. Alinijibu kwa upole kwamba alitaka hata umeme ukikatika, wazee wasikose chai.

Sikumgombeza. Nilichomoa birika, nikachomoa printa, nikakaa kwenye kiti cha wageni nikihesabu ni vijana wangapi wamenifanyia jambo hilo hilo, nikaona kwamba ni heri niyaandike haya mara moja kuliko kuyasema kila mwaka fildi inapoanza. Wadogo zangu, multimita ya kupimia umeme mnaijua, pawasaplai inayoilisha kompyuta umeme mnaijua, na kupiga Windows mnakujua kuliko mimi. Nitayasema yale ambayo hamyaoni kwa sababu bado hayajawaunguza.

1. Joto la mji huu lipewe heshima yake. Tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, ofisi yenye bati juu na dari la chini hupita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Feni ya kompyuta haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwenye prosesa na kulitupa katika hewa ya chumba, kwa hiyo chumba chenyewe kikiwa na nyuzi 33, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya hapo. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi hujizima ili zisiungue. Mteja akikwambia kwamba kompyuta yake ni nyepesi asubuhi na nzito mchana, usikimbilie kupiga Windows upya. Fungua kava kwanza.

Na kabla ya kufungua kava, tazama kilicho juu yake. Katibu muhtasi mmoja, mama msafi ambaye meza yake hukuti hata chembe ya vumbi, alikuwa ameifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua kwenye pembe nne, ambacho kilikuwa kimeziba matundu ya juu na kuning'inia hadi nusu ya matundu ya nyuma. Pale katikati kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipokiondoa aliniuliza kama kwetu tumezoea kuacha vitu uchi. Tuliafikiana, baada ya mazungumzo marefu kuliko matengenezo yenyewe, kwamba kitambaa kitarudi mahali pake jioni, kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa.

Vumbi la huku lina chumvi ya bahari, na chumvi huvuta unyevu, ndiyo maana mashine za Raskazone na za jirani na bandari huanza kutu kwenye skrubu na kwenye miguu ya soketi wakati mashine za umri huo huo kwingineko bado zinang'aa. Puliza kwa blowa kila miezi mitatu, ukiwa nje ya ofisi, si juu ya meza ya mtu. Shika feni kwa kidole unapopuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu ile huharibika beringi. Ukinyanyua kipozea joto cha prosesa, futa pesti ya zamani na upake mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

2. Ziba matundu ya kadi yaliyobaki wazi nyuma ya kava. Mjusi kafiri anapenda uvuguvugu wa pawasaplai, na akijinyoosha kati ya nukta mbili zisizotakiwa kukutana, anakufa yeye na mashine inamfuata.

3. Seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, ikiwekwa kabatini, kiyoyozi nacho ni sehemu ya seva. Nimewahi kuitwa Jumatatu asubuhi mahali ambapo mlinzi, kwa nia njema kabisa ya kuokoa uniti za LUKU, alizima kiyoyozi Ijumaa jioni akaacha seva inaendelea kufanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa. Nilipogusa kitasa cha kabati niliondoa mkono haraka. Kumbukeni pia kwamba umeme unapokatika, UPS huendelea kulisha seva lakini hailishi kiyoyozi, kwa hiyo kijana anayejisifu kwamba UPS yake inadumu saa mbili anajisifu kwamba ataioka seva kwa saa mbili. Ipangeni programu yake izime seva kwa utaratibu baada ya dakika 10.

4. Kuna vifaa vitatu ambavyo kila mwaka mnavichanganya. Stabilaiza inarekebisha umeme uliopanda au kushuka kwa kiasi, lakini umeme ukikatika nayo imezimika. Ekstensheni yenye kinga inakata ile mipigo ya ghafla na mifupi sana, na kila ikikata mpigo, kile kidude cha ndani kinachofanya kazi hiyo huchakaa kidogo, mpaka siku moja inabaki kuwa ekstensheni ya kawaida yenye taa nzuri. UPS inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojaza nafasi ya waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, na ethi yenyewe lazima ipimwe, kwa kuwa ardhi ikikauka sana ukinzani wake unaongezeka. Namba 650 iliyoandikwa kwenye UPS ni VA (volti mara ampea), wala si wati. Wati zake huwa karibu na 390 au chini ya hapo. Printa ya leza ikipasha moto inavuta zaidi ya hizo, na birika linazipita mara nne au tano. Hesabu hiyo ingetosha kumaliza habari ya Jumatatu.

5. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Hapa nitakaa, na mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo nilipoiva.

Ilikuwa Februari 2011. Nilikuwa na miaka miwili kazini, najiona fundi kamili, na nilikuwa nahudumia ofisi ya chama kimoja cha kuweka na kukopa ambacho sitakitaja. Michango ya wanachama, mikopo na marejesho, yote yalikuwa katika kompyuta moja ya mhasibu. Mhasibu alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa akiandika kila kitu pia katika kaunta buku kwa kalamu ya bluu, na mimi nilikuwa nikimcheka, kwa adabu lakini nikimcheka, nikimwambia kwamba zama za kaunta buku zimepita. Nilimnunulia diski ya nje, kubwa, ile yenye adapta yake ya umeme, nikaiweka kando ya kompyuta na kuipanga ijinakilie data kila siku saa kumi jioni. Nilimhakikishia kwamba hata kompyuta ikiungua, nakala rudufu ipo.

UPS ilikuwapo pia. Betri yake ilikuwa imekufa tangu Novemba, ikawa inalia pi, pi, pi siku nzima mpaka wafanyakazi wakachoka, nami nikaiondoa kwenye njia na kuichomeka kompyuta moja kwa moja katika ekstensheni. Nilisema nitaleta betri wiki inayofuata. Wiki hiyo sijui ilipita lini.

Siku yenyewe umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi kama saa saba. Nilikuwa palepale ofisini. Uliporudi, taa ya chumba cha mhasibu iliwaka kwa weupe ambao sijawahi kuuona, na feni ya dari ikaanza kunguruma kama inataka kung'oka, wakati kule ukumbini taa zilikuwa hafifu, nyekundu nyekundu kama makaa. Mwili wangu uliona ishara zote hizo. Akili yangu ilifurahi tu. Nilisema kwa sauti, watu wakanisikia, kwamba leo umeme umekuja na nguvu, nikanyoosha mkono nikawasha swichi ya ekstensheni.

Anayejua fezi tatu, zile nyaya tatu zinazoleta umeme katika jengo, ameshaelewa. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro inapokatika au kulegea mahali, vyumba vilivyo kwenye fezi tofauti vinabaki vimeunganishwa kwa mfuatano kati ya fezi mbili, na vinagawana hizo 400 kwa kadiri ya mzigo: upande wenye mzigo mzito unapata kidogo, upande wenye mzigo mwepesi unapata nyingi mno. Ukumbi ulikuwa na friji na viyoyozi. Chumba cha mhasibu kilikuwa na taa, feni, na mimi.

Kwanza ekstensheni ilitoa mlio kama wa kiberiti kikubwa. Kinga yake ilijitoa mhanga, kama ilivyoumbwa, lakini kinga ile ni ya mpigo wa kupita, si ya volti zilizopanda na kukaa. Halafu pawasaplai ikapasuka, ukasikia harufu ile kali ya samaki aliyeungua ambayo kila fundi anaijua, na moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kava taratibu. Nilikuwa bado nimeshika swichi. Kisha nikaona taa ya bluu ya diski ya nje imezimika, kwa sababu adapta yake ilikuwa imechomekwa katika ekstensheni ile ile.

Mama mhasibu aliniuliza, “Mwanangu, na ile kopi uliyosema tunayo?”

Nikamjibu, “Ilikuwa imechomekwa hapo hapo, mama.”

Hakusema neno. Alifungua dirisha moshi utoke.

Yaliyofuata yalizidisha aibu. Nilitafuta diski nyingine ya modeli ile ile, nikahamisha bodi yake ya chini na kuifunga kwenye ile iliyoungua, nikiamini kwamba bodi ni bodi. Ilizunguka, ikagonga tak, tak, tak, ikanyamaza. Wakati huo sikujua kwamba diski nyingi hubeba katika bodi yake maelezo ya urekebishaji yanayoihusu diski hiyo peke yake, na kwamba bodi ya jirani, hata ikifanana nayo kama pacha, haiwezi kuisoma bila kuhamisha chipu yenye maelezo hayo. Kila mara nilipojaribu tena, vichwa viligonga tena. Diski ya ndani ya kompyuta nayo bodi yake ilikuwa imeungua mpaka rangi imebadilika.

Kilichookoa chama ni kaunta buku. Tulikaa wiki tano, kila jioni baada ya kazi, mama akisoma na mimi nikichapa, miezi kumi na minne ya marejesho, jina baada ya jina, shilingi baada ya shilingi. Alikuwa akinisomea polepole, na kila alipofika mwisho wa ukurasa alilamba kidole, akafungua mwingine, akanitazama kidogo juu ya miwani. Sikulipwa kwa wiki hizo, wala sikuthubutu kudai.

6. Kwa hiyo, fupi fupi. Umeme ukikatika, zima kila kitu swichini. Ukirudi, ngoja dakika tano, tazama taa za vyumba vyote, pima soketi kwa multimita, na ukikuta volti zimepita 250 au taa moja inang'aa na nyingine inafifia, zima swichi kuu, mwite fundi umeme aliyesajiliwa, usijitie wewe. Andika tarehe kwenye betri ya UPS kwa kalamu nzito siku unayoifunga. Kwa joto letu usitarajie ile miaka mitano ya kwenye boksi, kwa sababu miaka hiyo ilipigiwa hesabu kwa nyuzi 25. Radi inaingia hata kwa waya wa mtandao, kwa hiyo masika yakianza kunguruma, chomoa na huo. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ilale nje ya jengo. Diski ya nakala ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe, adapta na yote. Na kila mwezi jaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala, kwani nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ipo.

Pale chamani tulianza utaratibu huo Aprili ya mwaka ule ule. Mama hakukubali kuacha kaunta buku, wala sikumwomba tena aache. Diski niliifunga kwa nywila, na kila Ijumaa saa tisa alasiri ilikuwa ikitoka ofisini ndani ya mkoba wake, imeviringishwa katika kipande cha kanga, na kurudi Jumatatu pamoja na chupa ya chai. Kwa miaka sita, hadi alipostaafu, haikukosa hata Jumatatu moja.

7. Birika lina soketi yake ukutani, karibu na dirisha. Nimeshaibandikia karatasi.