Papa shilingi na ule uyoga wa Oregon, nani mkubwa?

Swali la mzee mmoja mvuvi wa Lamu: "Sisi tunajua papa shilingi ndo mkubwa kuliko samaki wote, sa mjukuu wangu ananambia Marekani kuna uyoga unamshinda. Uyoga! Na wanajuaje kama ni mmoja, si uyoga mwingi umeota pamoja?"

Shikamoo mzee. Mjukuu hajakudanganya, na hapo mwisho ndo umegusa penyewe.

Papa shilingi kwa samaki hana mpinzani, wakubwa wao wanapita mita 12, na kula kwake ni kuchuja vidudu vidogo vya majini tu. Kumtambua huyu ni yupi si tabu, manake zile shilingi za mgongoni hazifanani kwa papa wawili, kwa hiyo tunapiga picha ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua, halafu kompyuta inalinganisha madoa, na hesabu yake ilitoka kwa wataalamu wa nyota, walikuwa wakilinganishia picha za angani. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa uyoga. Pindua gogo la mnazi lililooza baada ya mvua, utaona nyuzi nyeupe zimetambaa mle ndani kama utando wa buibui. Hizo nyuzi ndo uyoga wenyewe mzee, kile kimwavuli tunachochuma ni tunda tu, kama embe na mwembe wake. Huyo wa Oregon anaitwa Armillaria ostoyae, yuko msitu wa Malheur, anapita chini ya ardhi kutoka mzizi hadi mzizi akiua miti, ameenea hekta 965 hivi! Mji wa kale wa Lamu, ule UNESCO waliouandika 2001, ni kama hekta 16, yaani angemeza Lamu 60. Umri wake wanaukisia miaka 2,400 au zaidi.

Walijuaje ni mmoja? Walichukua vipande kwenye miti iliyo mbalimbali, wakaviweka viwiliviwili kwenye kisahani cha maabara. Nyuzi za uyoga tofauti zikikutana zinakataana, unaona kabisa mstari katikati, lakini hizi zilishikana zikawa kitu kimoja, na vipimo vya DNA vikasema hivyohivyo.

Kwa hiyo kwa eneo uyoga kashinda, papa abaki na ufalme wake wa samaki. Kaskazi hii mkimwona, zimeni mashine, msimzingire, mpigeni picha ubavu ule wa kushoto mnitumie.