pH ya maji ya bomba kwa bia ya nyumbani

Unauliza kama pH (kipimo cha uasidi) ya maji ya bomba ni ya kuhangaikia ukipika bia nyumbani. Hapana mkuu, pH ya bomba iwe 7 au 8 haikusaidii sana, cha kupima ni uji wa kimea (nafaka iliyochipushwa ikakaushwa) wenyewe, dakika kama 10 au 15 baada ya kuchanganya na maji moto, uangukie 5.2 mpaka 5.6 hivi. Kimea kinashusha pH chenyewe, kinachokizuia ni baikaboneti ya kwenye maji (madini yanayopunguza makali ya asidi), ndo maana maji ya Dublin yaliyojaa baikaboneti yanaendana na stout (bia nyeusi), kimea kilichokaangwa mpaka cheusi kina asidi ya kutosha kuyakabili, ila bia ya rangi ya dhahabu kama ya Pilsen, mji wa Cheki, inataka maji laini (yenye madini machache). Kwenye ripoti ya maji ya kwenu angalia alikalini (alkalinity, yaani uwezo wa maji kupunguza asidi, hasa kwa baikaboneti), sio pH.

Sampuli ipoze kwanza ifike nyuzi 20-25, ikiwa ya moto inasoma chini kwa 0.2 au 0.3, na hata kipima kinachojirekebisha kwa joto hakiondoi hiyo tofauti. Kipima kisetiwe kwa bafa (vimiminika vya pH inayojulikana) za 4 na 7, vile vikaratasi vya rangi mi siviamini kabisa. Kama unapikia sharubati ya kimea ya kopo basi usihangaike, hiyo kazi ya uji wa kimea ilishaisha kiwandani.