Nikijaliwa binti, ataitwa Mwanahamisi

Mimba yangu ina miezi sita, na jina nililichagua tangu sijaolewa: akiwa wa kike ni Mwanahamisi, jina la bibi mzaa mama. Nilipolitaja ukweni, hapa Tanga, wifi yangu aliguna. "Wifi, mtoto atachekwa shule. Hilo jina la mabibi." Akanitajia Ilham, Nasra, Raniya. Mazuri yote, sina ugomvi nayo. Lakini nimejifunza mengi kwa kulitetea langu, na ninamwandikia mwenzangu mwenye Chausiku wake au Mwajuma wake moyoni.

Lijue jina lako mpaka mzizi. Mimi nilikuwa nalipenda tu, na kupenda peke yake hakukumtosha wifi. Nikaenda kwa bibi. Akaniambia alizaliwa Jumatano, baada ya magharibi. Sasa Mwanahamisi limetoka wapi? Akanieleza kuwa kwa wazee siku mpya huingia jua likizama, wala haingoji saa sita ya usiku. Alipozaliwa yeye, Alhamisi ilikwisha ingia. Ndiyo maana tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia ule wa kuamkia Ijumaa. Na tazama wiki yetu: Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, na Alhamisi nayo ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu, wanaoanzia Jumapili. Tano mbili zimepakana, na bibi yangu kazaliwa pale pale mpakani!

Kisha hilo "mwana" la mbele. Wengi wanadhani ni mtoto tu, kumbe zamani lilikuwa neno la kumheshimu mwanamke, kama tunavyosema Bi. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858, alikuwa nalo, na binti mwenyewe alikuwa Mwana Hashima. Watu wa Mombasa humtaja Mwana Mkisi, mtawala wao wa kale. Nilipomsimulia wifi haya, alinyamaza, halafu akampigia simu mama yake kumuuliza asili ya jina la bibi yao.

Mume wako muwahi. Siku ya saba, mbuzi wa akika amechinjwa na mashangazi wamejaa sebuleni, si siku ya kuanza ubishi. Wangu alikubali mapema, kwa sharti moja: akija wa kiume, jina litoke kwao. Ni haki yake.

Na herufi ziandike mwenyewe. Shangazi yangu ni Mwanaisha kwenye cheti cha shule na Mwana Asha kwenye kitambulisho, na ilimbidi aende kwa wakili kuapa kwamba wote wawili ni yeye. Majina haya kila karani huyaandika anavyoyasikia. Langu limeshaandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nimeitia ndani ya kadi ya kliniki, na fomu ya hospitali nitaisoma kabla sijatoka.

Sikutarajia kwamba mpinzani mkubwa angekuwa bibi mwenyewe. "Mjukuu wangu, usimpe mtoto jina langu. La kishamba. Mpe la kisasa apendeze." Hapo ndipo nilipoumia. Mtu miaka yote hiyo ameitikia jina zuri namna ile huku akiamini ni aibu! Sikubishana naye. Nilimwambia kila nitakapomwita mwanangu, nitakuwa nimemwita na yeye, na kwamba mama yangu atamwita mjukuu wake "mama".

Alikaa kimya, akisokota ncha ya kanga.

"Na akizaliwa Jumapili?"

"Atakuwa somo wako tu, bibi."

Juzi ameniletea mbeleko, kanga ile ile aliyombebea mama yangu. Ameifua na kuikunja, na akaniuliza tarehe ya kujifungua inaangukia siku gani.