Bosi ananikata kodi kwenye tipu za meza kubwa, ni wizi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni weita hapa Dallas, Texas. Kwetu meza ya watu sita kwenda juu, bili inatoka na 20% imeshaongezwa. Ile hela siipati usiku uleule, inakuja na mshahara ikiwa imekatwa kodi. Sasa tumeambiwa kuanzia 2025 tipu hazina kodi. Kuna jamaa alinijazia ritani (fomu ya kodi ya mwaka) akaziweka zote kama tipu, dola 19,000, na rifandi (kodi unayorudishiwa) ikaja nzuri tu. Je, bosi ananiibia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bosi hajakuibia. Aliyekuingiza matatani ni huyo jamaa, na msimu huu kesi kama yako nimeziona mpaka nimechoka.

Ile 20% ya meza kubwa sio tipu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilishasema hivyo mwaka 2012, na kuanzia Januari 2014 ikaanza kubana waajiri waifuate. Wanachoangalia ni hiari: mteja atoe bila kulazimishwa, kiasi apange mwenyewe, kisitokane na utaratibu wa mgahawa wala mapatano, na kwa kawaida yeye ndo aamue nani apewe. Chukua bili mbili uziweke pamoja. Ya kwanza chini wamependekeza 15%, 18%, 20% alafu kuna mstari mtupu, mteja anajaza anachotaka hata sifuri, hiyo ni tipu. Ya pili chakula ni dola 300 lakini inafika mezani inasoma 360, ile 60 ni tozo ya huduma hata kama wameiandika "gratuity" kwa herufi kubwa, jina haliamui kitu. Mteja akiongeza 10 yake juu ya hapo, hiyo 10 tu ndo tipu.

Tozo ikishaingia ni mapato ya mgahawa, na ukigawiwa wewe inahesabika mshahara, ndo maana inapita kwenye payroll (malipo ya mishahara) na kukatwa kama mshahara mwingine. Bosi naye inamuuma, maana kwenye tipu anapata nafuu fulani ya kodi ambayo kwenye tozo haipo, na migahawa kadhaa mikubwa iliacha kabisa huu mtindo kipindi kile cha 2014. Hapo kuna jambo watu hawaambiwi: kwa sheria ya shirikisho tipu ni mali yako na bosi haruhusiwi kubaki nayo, ila tozo anaweza kubaki nayo yote kama sheria ya jimbo haimkatazi. Kwa hiyo uliza kwa maandishi, asilimia ngapi ya ile 20% inakuja kwako. Na ukifanya ovataimu, tozo uliyogawiwa mara nyingi inatakiwa kuingia kwenye hesabu ya kiwango chako cha saa, wakati tipu haiingii. Kagua na hilo.

Sasa hii habari ya "tipu hazina kodi" ndo inanikera, kwa sababu sheria haikusema hivyo. Sheria ya Julai 2025 inakuruhusu kuondoa tipu za hiari, mwisho dola 25,000 kwa mwaka, kwenye kipato kinachopigiwa kodi ya mapato ya shirikisho, kuanzia 2025 mpaka 2028. Ile 7.65% ya Social Security na Medicare (mifuko ya serikali ya pensheni na matibabu ya wazee) inakatwa palepale. Lazima uwe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, mwenye ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security) hapati, na mwenye ndoa lazima ajaze pamoja na mwenzie. Na 25,000 sio hela ya kurudishiwa, nimekutana na mama mmoja ameshaahidiwa hiyo 25,000 nzima taslimu, alikuwa ameshaanza kuipangia ada za watoto.

Toa W-2 yako, ile karatasi ya mapato ya mwaka unayopewa na bosi, uangalie kisanduku namba 7, tipu ulizoripoti zinakaa humo. Tozo haikai humo, imechanganywa na mshahara kisanduku 1 na 3. Tuseme namba 7 inasoma 6,200 na uko ngazi ya kodi ya 12%, nafuu yako halali ni dola 744. Kwa 19,000 jamaa amekupa 2,280. Hiyo tofauti ya 1,536 IRS wataidai, na riba, na wanaweza kuongeza faini ya 20%.

Alafu angalia mwisho wa ritani, sehemu ya aliyeijaza. Anayelipwa kujaza lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN. Kama pako patupu, machoni pa IRS umejaza mwenyewe na barua itakuja kwa jina lako, yeye hayupo. Hawa watu wanapita makanisani, misikitini, kwenye magrupu ya WhatsApp, wanachukua asilimia ya rifandi, ndo maana kila namba kwao inapanda, na wanaobaki na deni ni watu wanaosimama masaa kumi kwa mshahara wa msingi wa dola 2.13 kwa saa. Mtu akikuuliza unataka rifandi ya shilingi ngapi kabla hajaiona W-2 yako, chukua karatasi zako uondoke.

Wewe jaza 1040-X, fomu ya kusahihisha ritani, urekebishe ibaki ile ya namba 7 tu, ulipe tofauti sasa, na kama huna yote omba kulipa kidogokidogo, wanakubali. Muda wa kawaida wa kukukagua ni miaka mitatu, ila wakisema ni udanganyifu hauna mwisho, kwa hiyo usingoje barua.