Kwa nini ukipiga simu ya mezani Marekani linatokea jina la mtu mwingine

Mkuu, umeuliza kwa nini jina ulilojaza kwenye simu yako ya intaneti wenzako wa ofisini wanaliona, lakini ukipiga simu ya mezani huko Marekani linatokea jina usilolijua. Nimefunga mifumo hii katika ofisi nyingi, na swali hili hulikuta karibu kila mahali.

Simu ya intaneti ikiondoka kwako, ujumbe wake wa SIP (utaratibu ambao simu za intaneti hutumia kuunganisha mazungumzo) hubeba namba na jina. Mtu wa seva hiyohiyo, kama mwenzako wa ofisini, hulisoma moja kwa moja. Ikishaingia mtandao wa simu za mezani wa Marekani, kwa kawaida kinachofika ni namba tu. Kampuni ya anayepokea ndiyo inayoichukua namba hiyo, ikaulizia kwenye hifadhidata ya majina iitwayo CNAM, ikapata jina lisilozidi herufi 15, nafasi zikiwemo, ikampelekea mteja wake kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ndiyo maana simu ya waya ukiiwahi kwenye mlio wa kwanza, jina hulioni.

Tatizo lako liko hapo kwenye kuulizia. Hifadhidata hizo ziko kadhaa, na kuulizia hulipiwa, kwa hiyo kuna kampuni zinazotumia majibu ziliyoyahifadhi zamani, na nyingine huandika mji na jimbo tu. Huenda namba yako ilikuwa na mwenyewe kabla yako, na jina lake halijafutwa. Kanada mambo ni tofauti, maana huko jina mara nyingi husafiri pamoja na simu.

Kwa hiyo acha kuhangaika na mipangilio ya simu yako. Iandikie kampuni iliyokupa namba, iombe iandikishe jina lako kwenye CNAM, uipe siku kadhaa. Kisha jaribu kupiga simu za mezani za kampuni tofauti. Simu ya mkononi ya rafiki yako haikupi jibu, kwani hutanguliza jina alilokuhifadhia yeye.

Na wakikuambia STIR/SHAKEN italimaliza hili, usikubali. Mfumo huo unathibitisha namba, hauchunguzi jina.

Wanaokupigia wewe kutoka simu za mezani, majina yao huulizwa na kampuni yako ya simu ya intaneti. Ukiona namba tupu, angalia kwenye akaunti kama huduma hiyo imewashwa. Mara nyingi hulipiwa kando.