Shukrani isiyofuatwa na "lakini"

Ndugu yetu ameuliza kama Mwislamu hupungukiwa na imani anapomsifu hadharani mtu wa dini nyingine kwa wema aliomtendea. Nitajibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Marehemu baba yangu alipolazwa kwa mara ya mwisho alihitaji kuongezewa damu, na miongoni mwetu sisi wanawe hakupatikana mwenye kundi la damu linalolingana na lake. Aliyejitolea ni Mkristo niliyekuwa nikifanya naye kazi, ambaye baada ya hapo alikesha hospitalini siku mbili akitupokea zamu ili tupate kulala. Siku ya msiba nilisimama kuwashukuru waliotusaidia, nikawataja jamaa na waumini wenzangu mmoja mmoja, kisha nikamfikia yeye na kusema: "Ni mtu mwema sana, lakini ndiyo hivyo, si mwenzetu." Alikuwa ameketi nyuma, ananisikia.

Nilidhani nalinda dini yangu kwa neno lile. Baadaye nilikumbuka habari za Mut'im bin Adiy, mshirikina wa Makka aliyempa Mtume (s.a.w.) ulinzi aliporejea kutoka Taif, wakati ambapo wengi walimfungia milango. Mut'im alifariki bila kusilimu. Hata hivyo, baada ya vita vya Badr, mwaka 624, Waislamu walipowashinda washirikina wa Makka na kuchukua mateka wapatao 70, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akamwomba mateka wale, angewaachilia kwa ajili yake. Mtu amekwisha kufa, hana tena faida ya kutoa wala hatarajiwi kuingia katika dini, na bado wema wake unatajwa kwa ukamilifu wake. Naona hapo pana jibu la kutosha kwa swali la ndugu yetu, kwani Mtume hakuhitaji kuikubali itikadi ya Mut'im ndipo auheshimu wema wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mshukuru aliyekutendea wema, mbele ya watu kama alivyokutendea mbele ya watu, na usimwongezee hata neno moja la kumpunguza. Nami wiki ileile nilimwendea mwenzangu yule, nikamrudia maneno niliyoyasema na kumwomba radhi. Alinijibu kwamba aliyasikia, na kwamba siku ile alikuwa akimfikiria baba tu.