Je, Muda Umeongeza Kasi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa mtoto, likizo moja ilikuwa haiishi. Sasa nimevuka hamsini, na mwaka unakatika kabla sijakaa sawa. Marafiki zangu wanalalamika hivyo hivyo. Je, muda wenyewe umeongeza kasi, au ni sisi? Na hivi, muda unapita kweli?

JIBU: Marahaba. Swali lako la kwanza lina jibu. La pili bado linawatoa jasho wanafizikia.

Saa hazijaongeza kasi. Tangu 1967 sekunde hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu, na atomu hizo hazibadiliki kwa kuwa sisi tunazeeka.

Ni kweli saa mbili zisizo na hitilafu zinaweza kupishana. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa nne za atomu duniani kwa ndege za kawaida za abiria, kwanza kuelekea mashariki, kisha magharibi. Walizilinganisha na saa zilizobaki Washington: safari ya mashariki ilizichelewesha kwa nanosekunde 59 hivi, ya magharibi ikazitanguliza kwa 273 hivi. Mwendo na nguvu ya mvutano hubadili kasi ya saa, kama Einstein alivyotabiri. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliiona tofauti hiyo hata kati ya saa mbili zilizopishana kimo kwa sentimita 33 tu. Yaani ukisimama, kichwa chako kinazeeka haraka kuliko nyayo zako! Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado linanisisimua. Lakini nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Haiwezi kukuibia mwaka.

Anayekuibia ni kumbukumbu. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre, kijana wa miaka 23, aliingia kwenye pango lenye barafu katika milima ya Alps, bila saa wala mwanga wa jua, akakaa humo karibu miezi miwili. Akiamka au akienda kulala aliwapigia simu wenzake waliokuwa juu, nao hawakumwambia ni saa ngapi. Siku moja alihesabu hadi 120, akikusudia kila namba ichukue sekunde moja. Wenzake walipotazama saa, zilikuwa zimepita dakika tano. Alipotolewa, tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni 20 Agosti.

Jiweke mahali pake: baridi, giza, kula, kulala, kuamka, tena baridi na giza. Ukiangalia nyuma, akili haipati pa kushika. Ndiyo maana saa moja ya kusubiri foleni huburuta, lakini mwaka mzima wa siku zinazofanana ukishapita unaonekana mfupi. Utotoni karibu kila wiki ilikuwa na jambo la mara ya kwanza: jino kung'oka, mwalimu mpya, kujifunza kuogelea. Wapo wanaosema ni hesabu tu, kwamba mwaka ni sehemu ndogo zaidi ya maisha ya mtu mzima kuliko ya mtoto. Hesabu hiyo hainitoshi, kwa sababu haielezi kwa nini mwaka uliohama nyumba au kupata mtoto huonekana mrefu hata ukiwa na miaka hamsini.

Sasa, je, muda unapita? Machi 1955, akiifariji familia ya rafiki yake Michele Besso aliyefariki, Einstein aliandika kwamba kwa wanaoamini fizikia, tofauti kati ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo ni njozi tu, ingawa ni njozi sugu. Kweli, milinganyo yake haina mahali palipoandikwa "sasa". Namheshimu sana, lakini hapo simfuati. Kikombe kikivunjika, vipande havijirudi vyenyewe, na familia ile ilijua vizuri siku Besso alipokuwepo na siku alipokuwa hayupo. Naona kuna kitu hapo ambacho milinganyo bado haijakifikia, na wapo wanafizikia wanaokitafuta hadi leo.